Barua ya Wazi kwa Halmashauri za London: Tunawaletea Mgambo

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri 32 za London, pamoja na wenzenu wa City of London,

YAH: MSAADA WA MGAMBO KATIKA KUSAFISHA NJIA ZA WAENDA KWA MIGUU

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Kwa miaka mingi mmetuletea wataalamu wa mipango miji. Wakalala hoteli nzuri, wakaandika ripoti juu ya msongamano wa Kariakoo, wakarudi kwao. Hisani hulipwa. Tumepata habari kuwa njia zenu za miguu zimevamiwa na baiskeli za umeme za kukodi, zile zisizo na kituo: mteja anaifungua kwa simu, anaiendesha, na akifika anaitelekeza popote alipojisikia kushuka. Baiskeli hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na ikianguka hulala kwa kukingama, usukani mlangoni mwa mtu na gurudumu la nyuma ukingoni mwa barabara. Mwenye kiti cha magurudumu inambidi ashuke barabarani akapambane na mabasi. Asiyeona yeye huitambua kwa ugoko, maana fimbo yake nyeupe imepita katikati ya spoku. Tukajiuliza: hivi wenzetu hawana mgambo?

Kwetu jambo hili lina utaratibu wake. Machinga akitandika turubai la viatu vya mtumba kando ya njia, tunajua la kufanya. Mwishoni mwa 2018 Serikali ya Tanzania ilianza kumpa kitambulisho kwa shilingi 20,000 ili asibughudhiwe. Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, akaondolewa barabarani na kitambulisho chake mfukoni, kwa hoja kwamba waenda kwa miguu nao wanahitaji pa kupita. Hoja hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Kinachotushangaza ni kwamba mwaka 2017 kampuni ya oBike kutoka Singapore ilimwaga baiskeli zake mitaani kwenu bila kusubiri kibali cha mtu, na ukiacha halmashauri chache kama Wandsworth, zilizozizoa, wengi wenu mkafungua mazungumzo. Mwenye turubai hupewa dakika tano akusanye vitu vyake. Mwenye mtaji hupewa kikao, chai na sifa ya ubunifu, ilhali njia waliyoiziba wote wawili ni ileile ya umma.

Msidhani tunazichukia baiskeli. Mpango wenu wa baiskeli za vituoni ulioanza mwaka 2010 unamtaka mtu atafute kituo chenye baiskeli anapoanza, kisha kingine chenye nafasi anapomaliza, na maeneo mengi ya pembezoni hayana kituo hata kimoja. Baiskeli isiyo na kituo inamfikisha mlangoni, hata saa nane za usiku, hata mtaa ambao basi haliingii. Ni faida kubwa, na watu hawazipandi kwa ujinga. Lakini kituo kina gharama zake: eneo, vyuma, umeme, mafundi. Siku kilipoondolewa, gharama hizo hazikuyeyuka. Zilitoka kwenye vitabu vya kampuni zikahamia kwenye ugoko wa yule asiyeona. Tena kampuni isiyolipia nafasi haina sababu ya kujizuia. Itamwaga baiskeli nyingi kadiri inavyoweza ili mshindani akose pa kuweka zake. Beijing walilazimika kusimamisha uingizaji wa baiskeli mpya Septemba 2017, wakati jiji lilikuwa tayari na zaidi ya milioni mbili. Kampuni ya Ofo, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking mwaka 2014, ilifika mwisho wa 2018 ikidaiwa amana na wateja zaidi ya milioni 10, na baiskeli za biashara ya namna hiyo zikarundikwa viwanjani kama mabua baada ya mavuno.

Mtatujibu kuwa gari moja lililoegeshwa linakula nafasi ya baiskeli kadhaa na hakuna anayepiga kelele. Jibu hilo ni zuri kuliko mnavyodhani, kwa sababu limebeba dawa. Chukueni maegesho ya gari moja karibu na kila njia panda, yapigeni rangi, baiskeli zikae humo, barabarani na si kwenye njia ya miguu, na kampuni ilipie. Baadhi yenu mmekwisha kuanza. Endeleeni hadi mteja asiwe na kisingizio. Wengine watasema mkosaji ni huyo mteja. Ni kweli, ndiye anayeitelekeza. Ila kampuni ndiyo inayomtoza kwa dakika, ndiyo inayojua baiskeli ilipo, ndiyo yenye kadi yake ya benki. Singapore hawakumhubiria mteja ustaarabu. Sheria yao ya 2018 ilizitaka kampuni zikate leseni na ziwekewe kikomo cha idadi, na mteja askani msimbo wa QR uliobandikwa kwenye maegesho kabla ya kufunga safari, la sivyo anaendelea kutozwa. oBike ikafunga shughuli zake huko Juni mwaka huohuo, ikilalamikia masharti, huku wateja wakidai amana zao. Kuna watakaosema huko ni kuua ubunifu. Kama biashara inakufa siku inapoambiwa ilipie pa kuegesha, kilichobuniwa kilikuwa ni nini?

Kinachotutatiza ni mamlaka zenu 33, kila moja na utaratibu wake. Mteja anavuka mtaa mmoja tu, anaingia halmashauri nyingine, na simu inakataa kumfungia safari huku pesa zikihesabiwa. Muswada uliopelekwa bungeni kwenu Julai 2025 ulikusudia kuiweka leseni mikononi mwa mamlaka ya usafiri. Njia hiyo ni nzuri, ila himizeni leseni hiyo iwe na bei ya njia ndani yake.

Wakati mnasubiri, mgambo wetu wako tayari. Tunawatahadharisha tu kwamba wamezoea kubeba masinia ya karanga, hivyo kilo 30 zitahitaji posho ya ziada. Tena wameuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: wamkimbize nani? Machinga huwa yupo pale pale. Ukimwambia asogeze turubai kiti cha magurudumu kipite, husogeza. Mwenye baiskeli yuko ofisini, pengine San Francisco. Tutumieni anwani yake pamoja na tiketi.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mwenda kwa Miguu

Nakala: Machinga wote wa Kariakoo, kwa taarifa.