Jinsi ya Kuiita Simu kwa Jina Ikaitika

Una picha za harusi ya binamu kwenye simu, na kompyuta iko mezani, hatua mbili kutoka kwenye kochi. Njia ya kistaarabu inajulikana: jitumie mwenyewe kwa WhatsApp. Picha zitapanda mnara, pengine ziteremke baharini kwa mkongo wa SEACOM uliozinduliwa mwaka 2009, zizunguke kwenye seva za watu, halafu zirudi Sinza zikiwa zimebanwa hadi bibi harusi hana kope. Bando litakuwa limekwisha, lakini picha zimetembea kuliko wewe.

Kwa wachache wanaopenda njia ya mkato, mwongozo ni huu.

Pakua programu inayoigeuza simu kuwa seva ya faili kwa njia ya FTP. Za bure zipo tele. Ukiiwasha itakuonyesha kitu kama 192.168.1.37:2121. Ziandike tarakimu hizo kwenye karatasi, zibandike ukutani, ziamini kwa moyo wako wote. Kesho utaona. Ruta haigawi anwani, inazikopesha, na kila mkopo una muda wake. Simu ikishinda Kariakoo na kurudi jioni, huenda ikakuta 37 imepewa televisheni. Wewe endelea tu kuipigia televisheni hodi ukiidai picha za harusi.

Fundi wa mtaani atakushauri uingie kwenye ruta uifungie simu anwani moja kwa kutumia anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. Ushauri ni mzuri, mnunulie soda. Ila tangu Android 10, na kwa iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibunia MAC ya bandia kwa ajili ya mtandao unaoingia, ili watu wasiifuatilie huku na kule. Ukitaka ushauri wa fundi udumu, zima ujanja huo kwa waifai ya nyumbani peke yake. Ndiyo, kipengele kipo. Hapana, hakipo mahali ulipodhani.

Ndiyo maana heri kutumia jina. Mitandao midogo ina utaratibu uitwao mDNS, ambao Apple waliuingiza kwenye kompyuta zao mwaka 2002, na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wakauandika rasmi katika RFC 6762 ya mwaka 2013. Ni mambo ya nyumba ya kupanga. Huendi kwa mjumbe kuuliza Mama Zuhura yuko chumba gani. Unasimama uani unaita, wote wanasikia, anaitika mwenyewe. Kompyuta nayo hupaza sauti kwenye anwani 224.0.0.251, mlango wa 5353: nani hapa anaitwa simu-asha.local? Simu inaitika na kutaja anwani yake ya leo. Habari ya karatasi ukutani imekwisha.

Tatizo ni hilo jina lenyewe. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, utakuta kifaa kinaitwa kama kilivyobatizwa kiwandani, jina moja na simu ya shemeji, ya dada wa kazi na ya mpangaji wa chumba cha nne. Liache hivyo hivyo kama unapenda bahati nasibu. mDNS ina adabu zake: anayekuta jina limeshachukuliwa hujiongezea tarakimu, basi mmoja anakuwa iPhone.local na mwingine iPhone-2.local. Leo wa pili ni wewe, kesho ni shemeji, na picha utakazofungua usizisimulie mezani. Asiyetaka uhondo huo aandike jina fupi la herufi za kawaida, bila nafasi na bila emoji. Najua lile taji la dhahabu linakupendeza. Jaribu kuliandika kwenye kibodi.

Mwenye Android asishangilie mapema. iPhone hujitambulisha yenyewe. Android kwa kawaida inanyamaza, na jina la .local hutolewa na ile programu uliyopakua. Chagua yenye kipengele cha kujitangaza kwenye mtandao, la sivyo utaita hadi koo likauke. Upande wa kompyuta hauna makuu: Mac inajua, Windows 10 inajua, Linux huitegemea programu ya Avahi. Andika ping simu-asha.local. Ukipata jibu, fungua ftp://simu-asha.local:2121 uchukue picha zako, kope na zote.

Usipopata jibu, fanya kama wote: laumu kompyuta, zima, washa, piga kofi dogo. Ukichoka, tazama kama simu haijahamia kwenye data, kama VPN haijawashwa, au kama kompyuta haiko kwenye waifai ya wageni. Ruta nyingi za hotelini na migahawani huwatenganisha wateja makusudi wasionane, na hapo hata ubadilishe jina mara ngapi hutaitikiwa. Afadhali uwashe hotspoti ya simu, uiunge kompyuta humo.

Ukimaliza, izime programu. FTP haifichi nywila wala faili, na mpangaji wa chumba cha nne naye yumo kwenye waifai hiyo hiyo.