Koo Moja Limetobolewa, Midomo Yote Imefunguka

Tangu baba mkwe wangu atobolewe koo, nyumba yetu ya Magomeni imejaa madaktari. Wa kweli ni mmoja tu, naye yuko hospitali. Hawa wengine wanavua ndala mlangoni, wanakaa kwenye kochi langu, wanaagiza chai, kisha wanaanza kliniki.

Hali yenyewe ni hii. Mzee alikuwa na uvimbe kwenye kikoromeo, pumzi ikawa haipiti. Wakamtoboa mbele ya shingo, chini ya huo uvimbe, wakamwekea mrija mfupi uliopinda. Sasa anapumulia hapo. Na kwa kuwa hewa inatokea shingoni kabla ya kufika kwenye nyuzi za sauti, sauti hana. Basi, ni hilo tu. Masikio ni yale yale, akili ni ile ile, na kodi ya vyumba vya uani anaijua hadi shilingi ya mwisho. Lakini mgeni akiingia, anamwinamia na kupiga kelele: "MZEEE! UNANIKUMBUKAAA?"

Mzee anamkumbuka sana. Anamdai.

Kuna jirani aliyeshauri tundu lizibwe kwa kitambaa kizito, eti baridi isiingie. Nikamwambia, kaka, hapo ndipo anapopumulia, ukipaziba unamzika. Akanijibu, "Kwani pua hana?" Mwingine, mtu wa kujali afya, alileta barakoa na kumvisha Mzee mdomoni ili asituambukize mafua. Mzee akatulia nayo kwa adabu zote, kisha akakohoa. Kikohozi kikatokea shingoni, na aliyeileta barakoa alikuwa amekaa mbele yake.

Halafu kuna shangazi na chetezo chake. Shangazi haamini kwamba mgonjwa anaweza kupona katika nyumba isiyofukizwa udi. Nimemweleza mpaka nimechoka: pua ndiyo inayochuja vumbi, inayopasha hewa joto na kuipa unyevunyevu, na Mzee sasa amelikosa kabisa hilo jiko la kuandalia pumzi. Hewa inaingia mbichi, makohozi yanakauka na kuganda, mrija unaziba. Ndiyo maana tuna mashine ya kutoa mvuke na kitambaa chepesi cha kutundika mbele ya tundu, na ndiyo maana jiko la mkaa limehamia nyuma ya nyumba na dawa ya mbu ya kuchoma imepigwa marufuku. Moshi wa udi unashuka mapafuni moja kwa moja, na kwa kuwa haupiti puani, Mzee hata harufu yake haisikii vizuri. Faida hakuna, hasara tupu. Shangazi akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi nitachoma kidogo."

Mtanisamehe nikikumbuka habari za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Desemba 1799 koo lilimvimba, akawa hapumui. Walikusanyika madaktari watatu. Mdogo kuliko wote, Elisha Dick, alishauri koo litobolewe. Wakubwa wakakataa, wakaendelea kumtoa damu, na usiku wa tarehe 14 mtu akafa. Hata kwa aliyekuwa rais, kumbe, washauri wakizidi mgonjwa hatoki. Sembuse Magomeni.

Maneno ni mengi, lakini ngoja ifike saa nane usiku, Mzee aanze kukoroma ndani ya mrija. Hapo kliniki yote imelala, nimebaki mimi, mkwe. Mtu niliyekuwa nikimwamkia shikamoo kutoka upande wa pili wa sebule, nisimtazame usoni kwa heshima, leo namshika shingo. Nanawa mikono, navaa glovu, nawasha mashine ya kuvuta makohozi. Mpira unaingizwa taratibu bila kuvuta, unavuta wakati unarudi, na usipitishe sekunde 10 hadi 15, maana muda wote huo unamvuta na pumzi pia. Kisha apumzike. Kisha mrija wa ndani utolewe, usafishwe, urudishwe. Ngozi ya pembeni ikaushwe. Mkanda wa shingo usiwe legelege wala usikabe: kidole kimoja kipite chini yake. Kuubadilisha kunataka watu wawili, mmoja ashike mrija usichomoke, mwingine afunge. Mtu wa pili anapatikana wapi?

Nina mashemeji wawili wenye vifua vya kubeba magunia. Ukiwaita, mmoja anasema, "Shemeji, mimi nikiona makohozi natapika." Wa pili husinzia ghafla. Nimewasimulia habari za Copenhagen, mwaka 1952, polio ilipofumka na watoto kwa watu wazima wakashindwa kupumua. Daktari Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwapo, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500, wakaminya mifuko kwa zamu, usiku na mchana, miezi kadhaa. Vifo vikapungua sana. Shemeji mkubwa akauliza, "Walikuwa wanalipwa?" Kwa bahati mbaya, walikuwa wanalipwa.

Kando ya kitanda tuna sanduku la dharura. Ndani kuna mrija wa akiba wa saizi ile ile na mwingine mdogo zaidi, mkanda, mkasi na tochi. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa LISIGUSWE. Mkasi unakutwa jikoni, umefungulia pakiti ya unga. Tochi inakutwa chooni. Umeme ukikatika, na huwa unakatika wakati makohozi yamepanda, natafuta tochi kwa tochi ya simu, huku nikikanyaga pampu ya mguu ya kuvuta makohozi tuliyoinunua kwa ajili ya giza. Sijui katika nyumba hii nani anaelewa kwamba mrija ukichomoka, au ukitoa damu, au midomo ikianza kuwa ya bluu, hatuna muda wa kuulizana mkasi uko wapi. Ni kutenda, na ni hospitali.

Mwenyewe Mzee halalamiki. Anaandika. Amenunuliwa daftari na kalamu, na humo anaagiza uji, anakemea wajukuu, na kunijulisha kwamba glovu nimezivaa vibaya. Wageni wakija analifunga, wanadhani amechoka. Basi wanaongea mbele yake kama hayupo: nani atabaki na vyumba vya uani, nani alisema ataponea kwa mganga, nani alimwona amekonda. Wakitoka, analifungua na kuandika kwa muda mrefu.

Sasa wiki hii daktari amefurahi. Uvimbe umepungua, hewa inaanza kupita juu. Anasema akishajiridhisha, atamjaribishia vali ya kuongelea: kifuniko kidogo kinachoruhusu hewa iingie kwa mrija ila kinaizuia kutoka, ipande ipite kwenye nyuzi za sauti. Mojawapo iliyo maarufu ilibuniwa na Mmarekani David Muir, kijana aliyekuwa na maradhi ya kudhoofika misuli na mwenyewe akiishi na mrija. Haivalishwi kiholela, kama mrija una puto na puto limejazwa, hewa inakosa pa kutokea na mgonjwa anakufa. Kwa hiyo tafadhali, madaktari wa kwenye kochi, hiyo msiiguse.

Lakini nawatangazia mapema, kwa faida yenu. Jana Mzee aliniandikia kwamba siku atakayopata sauti anataka ukoo wote uitwe, na majirani, na shangazi akae mbele. Atasoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa.

Tangu nilipowaambia hivyo, shemeji mdogo ameanza kuomba zamu ya usiku.