Mgeni Rasmi, Bwana Chelewa

Siku ya kuhamia nyumba iliyokarabatiwa, wa kushukuriwa huwa wale wale. Fundi mkuu anaitwa mbele, mchora ramani anapigiwa makofi, mjomba aliyekopesha hela ya bati anapewa kiti cha kwanza, na shehe au mchungaji anawaombea waliopo na watakaokuja. Aliyekaa na kazi ile kuliko wote hatajwi. Hakukosa siku hata moja, hakuaga kwenda msibani, hakudai nauli, hakuiba mfuko wa saruji. Jina lake Bwana Chelewa, na leo naomba kipaza sauti nimsemee.

Najua ana sifa mbaya mtaani. Wahenga walimchongea kwamba ukimfuata utakuta mwana si wako. Ila wahenga hao hao ndio waliosema haraka haraka haina baraka, na kwa kuwa hawapo kutuambia walisimama upande gani, nimejichagulia mwenyewe.

Kwanza ni mkweli. Kwenye ukarabati kila mtu ana lake la kuficha. Mkandarasi anaficha kwamba ana kazi nyingine Goba na nyingine Kigamboni. Mwenye duka anaficha kwamba marumaru ulizokwisha kuzilipia bado ziko melini. Mwenye nyumba naye anaficha kwamba hela ya awamu ya pili inasubiri zamu yake kwenye upatu. Bwana Chelewa akiingia Jumatatu, kufika Alhamisi yote yako hadharani: fundi yuko wapi, mzigo uko wapi, na wewe mwenyewe una shilingi ngapi.

Tena anapenda vikongwe. Nyumba mpya huwa unaijua tangu msingi, lakini ya zamani hujui ukuta umemeza nini mpaka uupasue. Unafungua dari ubadilishe taa mbili, unakuta kenchi imeliwa na mchwa, limebaki ganda la rangi. Unachimbua sakafu ya bafu kutafuta panapovuja, unakuta bomba la chuma la enzi za babu, ambalo kwa kweli bomba lilishakwisha, imebaki kutu iliyozoea kukaa kwa umbo lile. Fundi mwenye mbio angefukia, akapanga marumaru juu, akalipwa. Ni Bwana Chelewa aliyesema subiri.

Watu wa mikataba walimpa heshima yake zamani. Chukua mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Kwenye kitabu chao chekundu, toleo la 1999, Bwana Chelewa ametengewa kiti. Kifungu cha 8 kinataja yanayomruhusu mkandarasi kuongezewa muda: kazi kubadilishwa, hali ya hewa mbaya kupita kawaida, mwenye mradi mwenyewe kukwamisha. Kifungu cha 20 kinampa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa, zikihesabiwa tangu alipojua au alipopaswa kujua kwamba amekwama. Akikaa kimya zikapita, muda umemponyoka na hela pia. Na hapo kwenye hali ya hewa kuna uzio: kupita kawaida. Masika ya Dar es Salaam huja kila mwaka kati ya Machi na Mei, kwa hiyo mkandarasi anayekuletea mvua ya Aprili kama habari ya kushtua, mpe chai, msikilize, kisha mwonyeshe kalenda.

Mwenye nyumba akisikia nyongeza ya muda hudhani ameibiwa. Hapo ndipo ninapomsifu mzee huyu kwa dhati. Tuseme mkataba wako una tarehe ya kumaliza na fidia ya kila siku itakayozidi. Katikati ya kazi ukamkalisha fundi wiki mbili kwa sababu nyumbani hamjaafikiana rangi ya vigae. Kwa sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, huwezi kumzuia mtu asimalize, kisha umtoze kwa kutomaliza. Kama mkataba hauna kifungu cha kusogeza tarehe, tarehe ile inakufa na fidia inazikwa nayo. Fundi anabaki na deni la kumaliza ndani ya muda wa kuridhisha, na huo muda wa kuridhisha ni siku ngapi mtakwenda kubishana mbele ya hakimu. Kifungu unachokiona cha kumpendelea mkandarasi ndicho kinachoilinda tarehe yako.

Mzee hasafiri peke yake. Ana mdogo wake, Badili, mwenye maneno matamu kuliko yeye, na huingia hivi. Fundi yuko juu ya ngazi anapiga lipu. Mama mwenye nyumba anaingia, simu mkononi, kwenye kioo kuna picha ya jiko lisilo na ukuta.

"Fundi, maadamu umeshabomoa huku, na huu si utoke tu?"

Fundi anashuka, anaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko mara tatu. "Unatoka, mama. Kazi ndogo."

"Shilingi ngapi?"

"Tutaongea, mama yangu. Mimi na wewe hatuwezi kushindwana."

Ukuta ule umebeba lenta, lenta imebeba kenchi, na swichi zote za jikoni zimo humo. Kuutoa kunataka boriti ya zege, nondo, mbao za kufungia na mirunda ya kushikilia. Zege linataka kumwagiliwa maji siku saba kwa uchache, na nguvu yake ya kitabuni hupimwa siku ya 28. Kwa mazungumzo ya dakika mbili, Bwana Chelewa amepata chumba cha mwezi mzima, na hakuna aliyemwandikia kodi.

Dawa yake ni karatasi moja, hata ya daftari la mtoto: kinachobadilika, bei yake, siku zake, na sahihi mbili, kabla nyundo haijainuliwa. Mstari wa siku ndio watu wanaouacha wazi. Wanapatana bei ya ukuta hadi senti, halafu tarehe ya kumaliza inabaki ile ile ya zamani. Weka na daftari la kazi pale pale eneo la ujenzi: nani amekuja, mvua imeanza saa ngapi, saruji imefika lini. Ujumbe wa WhatsApp nao unasaidia, isipokuwa ule wa sauti wa dakika nne ambamo jogoo anawika, fundi anacheka, na bei inatajwa wakati lori linapita.

Wazungu nao wanamjua. Mjini Köln, Ujerumani, kanisa kuu lilianza kujengwa mwaka 1248 na likakamilika 1880. Katikati kazi ilisimama karne kadhaa, na kreni ya mbao ikabaki juu ya mnara ambao haujakwisha. Katika mji huo huo jumba la opera lilifungwa mwaka 2012 likarabatiwe, lifunguliwe Novemba 2015. Tarehe ilipokaribia, likaahirishwa. Mji una mila zake.

Lakini ukitaka kumwona mzee kazini, vuka bahari uende Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake nyingi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Walikuja wenye haraka wakazipiga lipu ya saruji. Ikakauka upesi, ikapendeza, na ukuta ukakosa pumzi: unyevu na chumvi vikafungiwa ndani, lipu ikabanduka na vipande vya jiwe. Chokaa haisukumwi. Inazimwa kwa maji, inalazwa wiki kadhaa au miezi, inapigwa tabaka jembamba, inangojewa, ndipo lije jingine. Kwenye kuta zile fundi mkuu ni Bwana Chelewa, sisi wengine ni saidia fundi.

Na jambo la mwisho amelifanya kwenye malipo. Mikataba mingi inakuruhusu kushikilia asilimia 5 au 10 ya hela ya fundi mpaka upite muda wa kuangalia kasoro. Usiitoe mapema kwa huruma. Mlango wa bafu utaanza kukwaruza sakafu, bomba la sinki litadondosha, soketi ya sebuleni itagoma, nawe utampigia fundi. Simu ile ile ambayo tangu kazi ianze ilikuwa haipatikani, sasa itapokewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza. "Bosi! Nipo hapo nje."