Namna ya Kumfundisha Kasuku Maneno Mazuri Tu

Kwanza hakikisha nyumba yako haina siri. Ukisharidhika, kagua tena, hasa jikoni, na uani anakokwenda baba mwenye nyumba kupokea simu fulani fulani. Baada ya hapo ndipo uanze kufikiria kufuga kasuku.

Ndege mwenyewe ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, bingwa wa kuiga sauti za watu. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kupitia Kongo hadi Uganda, na wachache mno wamesalia katika msitu wa Kakamega. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, na hapa Kenya kumfuga bila kibali cha shirika la wanyamapori, KWS, ni kesi. Kwa hiyo muuzaji akikuvuta pembeni, akafunua kikapu na kukuapia kwamba ndege huyu hana maneno, mwamini. Kweli hana. Ana jicho moja linalokukodolea na manyoya yaliyogandana kwa ulimbo. Wategaji humfunga kasuku mmoja juu ya mti awaite wenzake, nao wakija kumwitikia wananasa. Huyo hahitaji mwalimu. Ameshajifunza kuwa kuitika kuna gharama. Achana naye. Tafuta aliyezaliwa tunduni, mwenye karatasi zake.

Sasa itisheni kikao cha familia mchague neno la kwanza. Baba atataka "Asalaam aleikum", mama "Karibu mgeni", bibi atataka jina lake mwenyewe, na watoto watataka "Arsenal". Andikeni uamuzi kwenye daftari. Baadaye kurasa zake zitafaa kutandikwa chini ya tundu.

Tuseme imepita "Karibu mgeni". Simama mbele ya tundu asubuhi na jioni, utamke taratibu, kwa sauti ya upole, tena na tena. Mwanafunzi atakusikiliza kwa adabu zote, shingo upande. Hatajibu. Wengi hawasemi la maana kabla ya kutimiza mwaka, wengine hawasemi maisha yao yote, na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Hatua ya tatu hadi ya sita, basi, ni kusubiri. Halafu siku moja maziwa yatachemka yamwagike jikoni, nawe utaropoka neno moja ambalo hukulelewa kulisema. Utalisema mara moja tu. Hilo atalishika.

Usimlaumu. Kasuku hayuko darasani, yuko kwenye kundi. Porini ndege hawa hulala pamoja kwa makundi makubwa, na kutwa wanaitana ili asipotee mtu. Sebuleni kwako kundi lake ni nyinyi, kwa hiyo anachagua sauti inayowafanya watu wa kundi wageuke, wakimbie au wacheke. "Karibu mgeni" yako ya saa kumi na mbili asubuhi haijamgeuza hata paka.

Ndiyo maana neno la kwanza la kasuku wengi wa mjini ni "Nyamaza!" Ukitoka chumbani, anapiga kelele kukuita. Wewe, badala ya kumpuuza, unapaza sauti kutoka bafuni: "Nyamaza!" Yeye anasikia kwamba ameitwa akaitikiwa. Kesho anakuita kwa jina alilojua kuwa ni lako. Jirani atakapouliza ni nani anayemfokea mwenzake alfajiri yote hiyo, mwambie ni salamu.

Kuhusu ufundi wenyewe wa kusema, hapa inabidi tumvulie kofia. Hana midomo kama yako, hana meno, wala sauti yake haitoki pale inapotokea yetu. Inatoka chini kabisa, pale bomba la pumzi linapogawanyika kuelekea mapafu, kisha ulimi wake mnene unaifinyanga ikipita. Kwa vifaa hivyo atatoa "Baba" safi, mlio wa ujumbe wa M-Pesa, honi ya bodaboda, bawaba ya mlango wa choo na kikohozi cha babu. Usiweke matumaini makubwa kwenye mlio wa M-Pesa. Utakimbilia simu mara nyingi, na salio litakuwa lile lile.

Ukitaka mbinu ya kitaalamu, ipo. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alinunua kasuku dukani Chicago, akamwita Alex, akafanya naye kazi miaka 30 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alifikisha maneno zaidi ya 100, akataja rangi saba, akahesabu hadi sita. Akichoshwa na maswali alisema anataka kurudi tunduni, na akipewa kokwa baada ya kuomba ndizi, aliweza kuitupa. (Walimu waliotukataza kukariri kama kasuku walikuwa wanamsingizia ndege wa watu.) Siri ya mbinu hiyo ni watu wawili. Mmoja anashika kitu kizuri na kuuliza jina lake, wa pili anajibu na kupewa, huku kasuku akitazama na kuona wivu. Nyumbani kwako somo hili lipo kila jioni bila ada. Baba ameshika rimoti, watoto wanaiomba, mmoja anaipata. Usishangae taarifa ya habari ikikatizwa na sauti kutoka tunduni: "Lete rimoti! Umeangalia tangu saa kumi!"

Wageni nao wana mafunzo yao. Chukua Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Mzee Hamadi wa duka aliyekukopesha unga na mafuta amesimama mlangoni.

"Hodi hapa!"

Wewe uko chumbani, umetulia tuli. Kasuku anajua wajibu wake. Anaanza na mlio wa komeo, anafuatisha kikohozi chako cha asubuhi, kisha kwa sauti ya mkeo anauliza, "Nani?" Halafu kwa sauti yako wewe, ya chini kidogo: "Mwambie nimesafiri."

Mzee Hamadi anafikiri. "Amesafiri lini, Mama Salim?"

"Nimesafiri," kasuku anathibitisha.

Hapo toka ulipe. Kisha mpe ndege karanga. Amefanya kazi ya watu watatu.

La kutofanya ni kucheka. Mwaka 2020 bustani moja ya wanyama huko Lincolnshire, Uingereza, ilipokea kasuku watano wa kijivu kwa wakati mmoja, ikawaweka chumba kimoja wakisubiri kutolewa mbele ya watu. Wakafundishana matusi. Wafanyakazi wakacheka, kasuku wakaongeza bidii, na mmoja akitukana mwingine alicheka kwa kicheko cha binadamu. Ikabidi waondolewe mbele ya wageni. Miaka michache baadaye bustani ikaona heri iwachanganye na kundi kubwa, kwa matumaini kwamba wachache watajifunza adabu kwa wengi. Aliyewahi kupeleka mtoto bweni anajua matumaini hayo.

Chakula tutakipitia haraka. Mchicha, papai, karoti, nafaka. Alizeti peke yake haitoshi. Parachichi ni sumu kwake, chokoleti pia, na moshi wa kikaango kisichoshika chakula kikiunguzwa unaweza kumuua akiwa chumba cha pili. Na usimwache peke yake kutwa nzima, maana atajinyonyoa manyoya kifuani mpaka ngozi ionekane, na maneno yote hayo mliyomfundisha hatakuwa na wa kumwambia.

Halafu andika wasia. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hufika miaka 40, wengine 60, kwa hiyo ukimpata ukiwa na mvi, yeye ndiye atakayekuzika. Usidhani watoto watamgombania. Watagombania shamba la Kilifi. Kwenye kikao cha mirathi wazee watakuwa wameketi mkekani, na kifungua mimba wako atasimama na kuapa kwamba marehemu alimwachia shamba lote kwa kinywa chake mwenyewe. Basi agiza kwenye wasia kwamba siku hiyo tundu lifunikwe leso mbili tangu alfajiri, au bora lipelekwe kwa jirani wa mtaa wa pili. Kinywa cha marehemu kitakuwa bado kipo pale sebuleni, kikimenya karanga, na alichosema kuhusu shamba hilo na kuhusu huyo kifungua mimba alikisema mara moja tu, lakini kwa hasira.