Masharti ya Mgeni wa Bujumbura

Samaki aina ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika, waliosafirishwa ng'ambo kutoka Bujumbura na Mbelgiji Pierre Brichard, wana masharti kumshinda balozi. Hutaka maji magumu yenye alkali, pH karibu 9, joto nyuzi 25 hivi. Ziwani hayo ni bure. Ulaya, kwenye tangi la nyumbani, madini hununuliwa dukani na kupimwa kwa kijiko. Tropheus, sikilidi mla mwani, akikirimiwa nyama huvimba tumbo na kufa. Mwenyeji hubaki akisifiwa kwa ukarimu. Tropheus wakiwa wawili, mmoja humwandama mwenzake mpaka amuue. Wakizidi 12, uonevu hugawanywa kwa haki. Frontosa, sikilidi mwingine mwenye nundu ya uenyekiti, hana makeke. Taa zikizimwa humeza wadogo waliolala. Asubuhi mshukiwa ni paka.