Waraka kwa Mwenye Marina, Mpenzi wa Saa Kumi Jioni

Kwako Mheshimiwa Mwenye Marina,

Natumai waraka huu utakukuta mzima wewe, jamaa zako na boti za wateja wako, hasa zile ambazo bado zinaelea.

Kwanza shukrani. Ulinipokea vizuri mno nilipokuja kutazama nafasi ya kufunga mashua yangu ya tanga. Kahawa ilikuwa moto, halua ilikuwa laini, na maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani ya mikoko. Karatasi yako ya matangazo inaahidi "maji ya kutosha wakati wote", na kwa jinsi hori ilivyofura jioni ile, ungeweza kuniahidi hata nafasi ya meli ya mizigo. Kilichonivutia zaidi ni ustadi wako wa kuchagua saa. Mwezi ulikuwa umetimia jana yake, na mwaliko ukawa wa saa kumi jioni.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo nasema hili kwa faida ya wasomaji wa bara tu. Katika mwambao wetu wa Kenya na Tanzania, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndivyo Mola alivyolipanga, na naona biashara yako imejipanga humo humo. Mgeni anayealikwa saa kumi ya bamvua huonyeshwa bahari ikiwa imevaa nguo za Idi. Ni sawa na mwenye nyumba anayemwonyesha mpangaji paa lake wakati wa kiangazi: hakuna uongo uliosemwa, mvua tu haijaulizwa.

Sasa naomba ruhusa nipige hesabu mbele yako. Ulipokwenda kupokea simu, nilishusha bildi yangu ya kupimia kina pembeni mwa gati, pale pale uliponipangia. Kamba ilionyesha mita 4.3. Jedwali la maji la siku hiyo lilisema maji yamepanda mita 3.5 juu ya kipimo cha chini, kile kinachotumiwa kwenye ramani za bahari. Toa 3.5 katika 4.3, inabaki 0.8. Hiyo mita 0.8, Mheshimiwa, ndiyo mali yako halisi. Zilizobaki ni mali ya mwezi, na mwezi huja kuzichukua mara mbili kwa siku.

Bandarini Mombasa, bamvua ya kawaida hushuka mpaka karibu mita 0.3 juu ya kipimo hicho. Ongeza hizo 0.3 kwenye 0.8 zako, tunapata mita 1.1. Mkuku wa mashua yangu unazama mita 1.7. Nahodha mwenye busara huacha nusu mita zaidi chini ya mkuku, kwa sababu ya mawimbi, upepo na makosa ya binadamu, kwa hiyo mimi natafuta mita 2.2. Wewe unaniuzia nusu ya hizo kwa bei ya zote. Na bamvua kubwa zaidi, zile zinazokuja karibu na Machi na Septemba, zinaweza kushuka mpaka sifuri. Siku hizo nitakuwa na mita 0.8. Kuku wa jirani watapita bila kulowa mbawa.

Najua jibu lako, kwa kuwa msaidizi wako alinipa hilo hilo kwa tabasamu: "Mbona wengine wamefunga hapa na hawalalamiki?" Ni kweli, na nimewatazama. Boti zao ni za injini za nje, zenye matumbo bapa. Hata zikigusa tope zinakaa kama zilivyokaa majini, na mwenye boti akija Jumamosi mchana wala hajui kwamba usiku ilikuwa imelala chini. Isitoshe, siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, bahari haishuki sana. Kupwa kwake huishia karibu mita 1.3, na hapo hata mashua yangu ingeelea, japo kwa shingo upande. Juma moja naelea, juma moja nimepwelewa. Sijaona kwenye bei yako punguzo la juma la pili.

Chombo chenye mkuku mrefu na mwembamba kikipwelewa hakipumziki. Kwa hesabu ile ile, kila bamvua mkuku wangu ungekaa chini zaidi ya saa tatu katika kupwa moja, na kupwa ni mbili kwa siku. Chombo kinainama, kamba zinakaza mpaka zinalia, usukani unabebeshwa uzito usio wake. Ukiwasha injini maji yakiwa haba, pampu inavuta tope badala ya maji ya kupoza, na fundi anapata kazi. Wazee wetu walipwelewa kwa hiari: waliliacha jahazi likae mchangani, wakalisimamisha kwa magadi huku na huku, wakakwangua tumbo lake na kulipaka deheni kabla maji hayajarudi. Lakini jahazi liliundwa kwa kazi hiyo, na pwani ile haikuwatoza ada ya mwezi.

Tena hatujafika mlangoni. Nafasi inaweza kuwa na maji na njia ya kutokea isiwe nayo. Muulize yeyote anayesafiri kutoka Lamu kwenda Pate: chombo hakiondoki kwa saa ya ukutani, kinaondoka kwa maji, kwa sababu mfereji wa Mkanda haupitiki vizuri yakipwa. Abiria wanalijua hilo, wanalipanga, hawagombani na mtu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia "wakati wote". Fungu la mchanga lililo kwenye mdomo wa hori yako sikuliona likitajwa popote katika karatasi yako, ingawa picha ya machweo ipo mara tatu.

Na tope nalo halisimami. Watu wa Malindi wanajua mto Sabaki unavyoshusha udongo mwekundu kila masika na jinsi ghuba yao ilivyojaa mchanga miaka hadi miaka. Hori yako nayo inapokea mifereji ya mvua. Kipimo kilichochukuliwa kabla ya masika ni habari za zamani. Nilipouliza kina kilipimwa lini mara ya mwisho, nilijibiwa "hivi karibuni" na mtu aliyekuwa akitazama juu.

Usidhani nakulaumu kwa kupwa kwa bahari. Kuna walio na mtihani mkubwa kuliko wako. Kwenye kisiwa cha Jersey, karibu na Ufaransa, bahari hupanda na kushuka karibu mita 12 katika bamvua kubwa. Marina ya St Helier imejengewa kizingiti mlangoni ili maji yasikimbie yote, na pale pale langoni kuna kipimo kinachomwambia nahodha ana maji kiasi gani juu ya kizingiti. Kukiwa na machache, anangoja nje, na hakuna anayemfunika macho kwa halua. Na huku kwetu, mama mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, haendi shambani kwake baharini kabla ya kujua maji yatatoka lini na yatarudi lini. Hana ofisi wala karatasi ya rangi, lakini ningemwamini anipangie nafasi ya kufunga chombo kabla ya idara yako ya mauzo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nina maombi manne, yote ya bei nafuu. Pima kina cha kila nafasi na cha mlango, kila baada ya masika, na uandike tarehe. Taja kina hicho kwa maji ya kupwa ya bamvua kubwa, usitaje cha kujaa. Wenye boti bapa wape nafasi za ndani, na wenye mikuku mirefu wape zile za nje penye mkondo. Kuzibadilisha hakutakugharimu kitu. Na wateja wapya waalike saa nne asubuhi, siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu. Kahawa hunyweka saa hiyo pia.

Ukiweza kuandika mita 2.2 ndani ya mkataba, kwa maji ya kupwa, na ukaweka sahihi yako chini yake, ada ya mwaka mzima nitailipa siku hiyo hiyo bila kuomba upunguze hata shilingi. Ukishindwa, bado nafasi ile ina soko: itangaze kwa bei ya mita 0.8, na wenye boti bapa watakushukuru kwa ukweli wako. Chema chajiuza.

Wassalaam,
Mteja wako mtarajiwa, mwenye bildi