Sifa za Mzizi wa Mchu

Ewe mzizi wa mchu, mtukufu wa matopeni, pokea sifa zako. Anayekatiza mikoko ya delta ya Rufiji maji yakishakupwa anakujua vizuri: umechomoza wima, urefu wa shubiri, wewe na wenzako kwa mamia kuzunguka shina moja. Ndala zangu umezitoboa, na unyayo pia, nami sina kinyongo. Unachomoza upate kupumua, maana topeni hakuna hewa. Unashika udongo, unawaficha kamba wachanga. Hayo ni madogo.

Ukuu wako uko langoni. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na kila maji yanapojaa chumvi hiyo huja imejichanganya na maji halali, ikitaka kupita nayo. Nawe umejiwekea ulinzi. Kuta za seli zako zimepakwa suberini, nta ileile ya gome la kizibo, na ndani zaidi umejizungushia mkanda wa Kaspari, usioacha upenyo kati ya seli na seli. Anayetaka kuingia apite ndani ya seli hai, akaguliwe. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chumvi hubaki nje. Chumvi ikizidi, hupandishi bei ya kupita, unanenepesha ukuta. Ile kidogo inayoponyoka hutimuliwa kupitia majani: lilambe jani la mchu siku ya jua, utaikuta imeganda juu yake. Haijasikika chumvi iliyopita kwa kuwa shemeji yake yuko mizizini. Usiku hupitishi. Sikukuu hupitishi. Ya soda huombi.

Natamani wangekuajiri kwenye kizuizi cha kukagua kuni na boriti, pale barabarani. Mwezi uliopita nilikuta wamemsimamisha bibi mwenye mzigo wa kuni za mkandaa kichwani. Kibali kiko wapi? Hana. Weka chini. Mbele ya macho yake, na yangu, kamba ya kizuizi ikashushwa, likapita lori la boriti. Lori zima! Turubai limefunika nusu tu, ncha za boriti zinaning'inia nyuma, mbichi, bado zina tope.

Nikauliza, na hilo je? Nikajibiwa na bwana wa kizuizi kwamba lina karatasi. Nami nilikuwa nimeziona zikipita dirishani, mbili, nyekundu, za elfu kumi kumi. Nilipotaka kujua zimegongwa mhuri wa ofisi gani, bwana yule akaniambia niache siasa.